Nimemaliza masomo Bologna, Italia. Mnaokuja nyuma yangu, msikate tiketi ya kesho yake

Msambaa wa Bologna (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Naandika nikiwa bado Bologna, Julai hii ya 2025, joto limepanda mpaka usiku hakulaliki. Wiki iliyopita nimetetea tasnifu yangu ya shahada ya uzamili ya kilimo cha bustani, nikavikwa taji la majani, nikapiga picha na kila mtu. Tangu siku hiyo ujumbe unaoingia kwenye simu yangu ni ule ule: umeshamaliza, unasubiri nini huko? Nimeona nijibu hapa hadharani, maana najua kuna vijana wetu wengi kwenye vyuo vya huku, na wengine wanakuja Septemba.

Ninachotaka kusema ni kimoja tu. Usikate tiketi ya kesho yake. Jipe wiki tatu, ikiwezekana mwezi mzima, kati ya siku ya kutetea tasnifu na siku ya kupanda ndege. Kuna karatasi ambazo ukiondoka bila kuzishika mkononi utazihangaikia ukiwa nyumbani kwa gharama kubwa, na kuna watu ambao ukiondoka bila kuwaaga hutawapata tena.

Nianze na siku yenyewe, maana wengi mnauliza inavyokwenda. Huku mitihani inasahihishwa kwa alama 30, na kufaulu ni kuanzia 18. Mwishoni wastani wako unapigiwa hesabu ya 110: mwenye wastani wa 27 anaingia kwenye utetezi akiwa na 99 mfukoni, halafu jopo linamwongezea kwa kuangalia tasnifu yake na alivyojibu. Ukifika 110 na jopo likaridhika kabisa, unapewa na ile heshima ya juu wanayoiita *lode*. Unasimama mbele ya maprofesa, unaeleza kazi yako kwa dakika chache, wanakuuliza maswali, kisha mnatolewa nje wote na mlango unafungwa. Mkiitwa tena ndani mnasimama, mwenyekiti anasoma jina lako na alama zako, anakutangaza, mnapeana mikono. Imeisha. Ukitoka nje ndipo rafiki zako wanapokuvika taji la majani ya laureli lenye utepe mwekundu, divai ya mapovu inafunguliwa, na lozi zilizopakwa sukari nyekundu zinagawiwa kwa kila anayepita. Mimi situmii pombe, walininunulia juisi ya peasi, na walifanya hivyo kwa makusudi.

Kwa makusudi kwa sababu tasnifu yangu ilikuwa ya mapeasi. Mkoa huu wa Emilia-Romagna ndio unaoongoza Italia kwa mapeasi. Mwaka 2019 mdudu mmoja wa jamii ya kunguni aliyetoka Asia, wanamwita *cimice asiatica*, alivamia mashamba. Anafyonza tunda likiwa changa, likikua linapinda na kuota mabonde, ndani linakuwa na sehemu ngumu, sokoni halikubaliki. Wakulima waliumia sana mwaka ule. Kisha Mei 2023, miezi michache kabla sijafika, yakaja mafuriko yaliyofunika bustani za matunda upande wa Ravenna na Forlì, na miti iliyosimama kwenye matope muda mrefu ikafa. Mimi nimeshinda chini ya neti zilizofunika safu za mipeasi aina ya Abate Fetel, nikihesabu matunda yaliyochomwa na yaliyopona. Ukiinua kunjo la neti karibu na ardhi unakuta wadudu wamejipanga kwa nje, wanatafuta pa kupenya, na inatosha neti iachwe wazi upana wa kiganja ule mstari wote wa miti uingiliwe. Ndiyo maana nasema kazi ya neti si neti, kazi ni yule anayeifunga jioni.

Nimetoka Lushoto. Aliyewahi kupita Mombo anazijua zile ndoo za mapeasi, plamsi na fyulisi zinazoinuliwa hadi dirisha la basi. Mtaelewa kwa nini nilisoma nilichosoma.

Sasa karatasi. Hapa nitakaa kidogo.

Cheti chenyewe kile kikubwa cha kutundika ukutani hukipati siku ile. Kinatoka baadaye. Unachokihitaji haraka ni *certificato di laurea*, yaani hati ya chuo inayothibitisha umehitimu, pamoja na orodha ya masomo na alama, na kile kiambatanisho kinachoeleza shahada yako kwa mfumo wa Ulaya. Ukiviomba kwa matumizi ya nje ya Italia vinabandikwa stempu ya serikali, *marca da bollo*, ya euro 16, unaipata kwenye maduka ya tumbaku. Hakikisha imesainiwa kwa mkono na ofisa ambaye saini yake imehifadhiwa Prefettura, yaani ofisi ya serikali kuu kwenye eneo husika, kwa sababu ndiko unakokwenda baada ya hapo: Prefettura wanathibitisha saini, halafu unaipeleka ubalozi wetu Roma nao wagonge muhuri wao. Kwa Bologna, Prefettura ipo mtaa wa IV Novembre, hatua chache kutoka Piazza Maggiore. Ukiwa hapa ni kutembea kwa miguu. Ukiwa Korogwe ni kumtafuta mtu, kumwandikia idhini, kumtumia nauli, na kuomba Mungu asipoteze bahasha.

Nyumbani cheti kinakwenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa ajili ya utambuzi. Wenzetu wa Kenya wana chombo chao. Bila hatua hiyo ajira ya serikali usiiote.

Pili, nyumba. Notisi ya kuhama inaandikwa kwa barua ya rejesta, *raccomandata* yenye risiti ya kurudi, na mkataba wako unasema ni miezi mingapi kabla. Kuusoma mkataba siku ya mwisho ni kuchelewa. Kwenda kumwambia mwenye nyumba kwa mdomo hakuhesabiki hata kama amekubali na mmepeana mikono.

Tatu, benki na simu. Usifunge akaunti mpaka senti ya mwisho ya borsa, yaani fedha ya ufadhili wa masomo, na amana ya nyumba ziwe zimeingia. Na laini ya simu ya Italia usiitupe, kwa sababu namba za siri za benki na za SPID, ile akaunti ya kuingilia huduma za serikali mtandaoni, zinatumwa huko huko.

Nne, toa taarifa manispaa kwamba unahama nchi, la sivyo jina lako linabaki kwenye kodi ya taka. Hii ni fupi lakini wengi wameletewa madai wakiwa wameshaondoka.

Tano, hamisha kila kitu kutoka barua pepe ya chuo na maktaba ya mtandaoni. Kwa sisi tunaorudi kwenye nchi ambako makala za kisayansi zinauzwa kwa dola, kupakua makala zako zote za fani ukiwa bado una ruhusa ni sawa na kubeba mbegu.

Karibuni kwa maswali. Nipo mpaka mwisho wa mwezi.

---

Dada wa Padova

Mkuu hongera sana, dottore!

Naunga mkono hoja kwa mikono miwili. Mimi nipo Padova, chuo cha tangu 1222, na huku mambo ya siku ya kuhitimu ni makubwa zaidi. Rafiki zako wanaandaa *papiro*, bango kubwa lenye katuni yako na maisha yako yote yameandikwa kwa vina. Unasimamishwa barabarani ukiwa umevishwa nguo za ajabu ajabu, unalisoma kwa sauti mbele ya watu, ukikosea unanyweshwa. Mimi niliwaomba mapema waheshimu kwamba navaa hijabu na sinywi, wakaniandikia beti kuhusu namna ninavyopika pilau bwenini mpaka kengele ya moshi inalia. Nililia kwa furaha. Kumbuka chuo hiki ndicho kilichompa Elena Cornaro Piscopia shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1678, mwanamke wa kwanza. Sanamu yake ipo pale kwenye jengo kuu, chini ya ngazi.

Naongezea jambo moja kwenye karatasi zako. Kama kibali cha ukaazi kimeisha na mmebaki na risiti ya posta ya kuomba upya, msikate tiketi inayopitia Paris wala Frankfurt. Risiti ile inakuruhusu kutoka na kuingia kupitia mpaka wa Italia tu, bila kugusa nchi nyingine ya Schengen. Pandeni Roma au Milano moja kwa moja kwenda Addis Ababa, Istanbul au Doha. Mwenzetu mmoja alizuiwa njiani akapoteza tiketi nzima.

---

Mtoto wa Mbagala

Mkuu nakuheshimu, ila niulize kwa nia njema. Watu wanakufa baharini wanatafuta kuingia huko, wewe upo ndani na karatasi zako halali, unarudi kufanya nini? Si ujilipue tu, ubaki kinyemela, au ubebe maboksi miaka michache ujenge kwenu kwanza? Lushoto mapeasi yanauzwa bei gani mpaka yakurudishe?

---

Msambaa wa Bologna

Mtoto wa Mbagala, swali lako ni la haki na nimelisikia kwa watu wengi, hata kwa mjomba wangu.

Kwanza nikupe taarifa, kwa sababu wengi wanazamia bila kujua kwamba kuna njia halali. Aliyehitimu hapa anaweza kuomba kibali cha kutafuta kazi, kwenye fomu wanakiita *attesa occupazione*. Sheria inasema si chini ya miezi 9 na si zaidi ya 12. Unaomba posta kabla kibali cha masomo hakijaisha, unaonyesha shahada, uwezo wa kujikimu na bima ya afya. Ukipata mkataba wa kazi, unabadilisha kuwa kibali cha kazi bila kungoja ile migao ya kila mwaka ya vibali vya kazi kwa wageni. Wakati wa masomo unaruhusiwa saa 20 za kazi kwa wiki, 1,040 kwa mwaka. Kwa hiyo anayetaka kubaki, abaki kwa njia hiyo. Kujilipua ukiwa umehitimu chuo chao ni kujifungia mlango ulio wazi.

Jirani yangu wa chumba, Mkameruni, amechukua kibali hicho na nimemsaidia kujaza fomu. Simwoni kuwa amekosea hata kidogo.

Mimi narudi kwa sababu ya kazi yenyewe. Nzi wa matunda aliyeonekana mara ya kwanza Kenya mwaka 2003 yupo kwetu pia, na maembe ya watu yanaozea chini ya miti kila msimu. Huko juu milimani miti ya peasi mingi ni ya zamani sana, haipogolewi, inazaa matunda madogo magumu, na mkulima anauza kwa ndoo kwa bei anayoambiwa. Nimekaa na wakulima wa huku ambao nao ni wadogo, ekari chache, lakini wana ushirika wenye chumba cha baridi, kwa hiyo peasi la Septemba linauzwa hadi miezi ya baridi wakati bei imepanda. Nataka kujaribu hilo nikiwa bado na nguvu. Hapa naweza kupata mshahara mzuri wa kufunga neti za mtu mwingine, na sidharau kazi hiyo, nimeifanya. Ila shamba la Baba lipo.

---

Pwani Malindi

Hongera ndugu yangu kutoka bara. Sisi huku Malindi Kitaliano tunakisikia tangu utotoni. Muuza samaki, dereva wa tuktuk, mpishi, wote wanakiongea kwa sababu ya wageni waliojenga hapa. Na pale Ngomeni kuna kituo chao cha anga, ndicho kilichorusha ile setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970 kutoka kwenye jukwaa la baharini. Mimi niliongea Kitaliano kabla sijawahi kuiona Italia.

Nilisoma Napoli, nikarudi 2019. Ninachoweza kuongeza ni kuhusu mizigo. Watu wanahangaika na kilo 23 kana kwamba dunia inaisha. Vitabu vitumeni mapema kwa meli pamoja na wenzenu, makoti ya baridi gaweni kwa wanafunzi wapya wanaoingia Septemba, maana kila mwaka wapo wanaofika na fulana mbili. Kwenye begi wekeni vitu vya kazi yenu.

Halafu swali. Amana ya nyumba uliipataje? Mimi yangu ilipotelea kwa mwenye nyumba mpaka leo.

---

Msambaa wa Bologna

Asante kaka. Hili la amana ni chungu na naomba wote mlisome.

Sheria ya Italia ya mwaka 1978, namba 392, inasema amana haizidi kodi ya miezi mitatu, na riba yake ya kisheria ni ya mpangaji. Sasa mwenye nyumba wangu alikuja siku ya kukagua akasema kuta zimechafuka, atakata pesa ya rangi kwa vyumba vyote vinne, wakati mimi nilikuwa napanga kimoja. Nilipoingia tulisaini karatasi ya makabidhiano yenye hali ya kila chumba, na nilikuwa na picha za kuta, za bomba la jikoni, na za ule mlango wa kabati uliokuwa umevunjika tayari. Nilimwonyesha. Akanuna, akasema tutaonana.

Nilikwenda Sunia, chama cha wapangaji. Unalipa uanachama mdogo, wanakaa na wewe. Dada wa pale mapokezi alisoma mkataba wangu wote, akapiga mstari vifungu viwili kwa kalamu nyekundu, wakamwandikia barua rasmi. Mpaka leo naandika hapa pesa haijaingia, lakini amejibu kwa maandishi kwamba atarudisha. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutokukata tiketi ya kesho yake. Mwenye nyumba anayejua unaondoka Jumamosi anaweza kungoja hadi Jumapili.

---

Mama Neema

Wanangu hamjambo. Mimi si mwanafunzi, ni mzazi, nasoma tu humu kimya kimya.

Binti yangu yuko Torino, anamaliza Machi mwakani. Alisoma sekondari kwa masista Wakonsolata kule Iringa, na shirika lao lilianzia huko huko Torino, kwa hiyo aliposema anakwenda nilisema sawa, anakwenda kwa watu tunaowajua. Mimi na baba yake hatutaweza kufika siku yake. Nauli haipo, na visa ya kutembelea tu ni shughuli. Nimesoma ulivyoandika kuhusu taji la majani na watu wanavyojaa nje kumngoja mhitimu. Naomba uniambie ukweli mwanangu, asiye na ndugu pale anakuwaje siku hiyo? Nani anamvika?

---

Msambaa wa Bologna

Shikamoo mama.

Nikujibu ukweli kama ulivyoniomba. Asubuhi ile ni ngumu. Unafika pale nje ya idara, wenzako wamekuja na bibi zao, na shangazi waliosafiri na treni kutoka Puglia, watoto wamevalishwa vizuri, na wewe umesimama na folda yako. Nilikwenda kunawa uso mara kadhaa.

Lakini mama, hakuachwa mtu peke yake. Chumba cha utetezi kinaruhusu simu, nikamwomba mwenzangu aishike wima kwenye kiti cha mbele, na Mama na Baba wakaniona kwa WhatsApp kutoka Soni, na majirani wamejaa sebuleni. Mama alitaka kupiga kigelegele profesa akiwa bado anasoma alama, Baba akamzuia, kisha akashindwa kumzuia. Kilisikika chumba kizima. Mwenyekiti wa jopo aliinua kichwa, akauliza hiyo ni nini, nikamwambia ni mama yangu. Akasimama akaipungia simu mkono. Maprofesa wote wakapunga.

Na taji nilivikwa na bibi wa ghorofa ya pili kwenye jengo letu. Ni mjane wa miaka themanini na kitu. Tangu mwaka wa kwanza nilikuwa nambebea maji na vitu vya sokoni kwa sababu lifti inaharibika kila mara. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja tortellini kwenye meza yake Jumapili, kipande kidogo cha unga uliosukumwa mwembamba, nyama katikati, unakikunja pembe tatu halafu unakizungusha kwenye ncha ya kidole cha shahada na kubana. Vyangu vilikuwa vikubwa mno kwa miezi mingi. Siku ile alipanda basi peke yake mpaka chuoni, amevaa gauni la bluu na mkufu, akaomba waliokuja na taji wampe yeye anivike. Nilipiga goti afike kichwani.

Kwa hiyo mwambie binti yako mambo mawili. Awaambie watu tarehe yake, wote, hata muuza mboga, hata mama wa maktaba, asione haya. Waitaliano ukiwaambia unahitimu wanakuja. Na asiondoke kesho yake, ili apate siku za kwenda kwa kila mmoja wao nyumbani kuaga. Kama anataka, nitumie ujumbe binafsi, nina rafiki Mkenya yupo Torino atakwenda na wenzake.

---

Mama Neema

Marahaba mwanangu. Mungu akubariki, na ambariki huyo bibi. Nimekutumia ujumbe. Nimemsomea mzee wangu hapa, ameomba nimsomee tena pale penye kigelegele.

---

Mjukuu wa Mkulima

Mkuu hongera. Mimi nina bustani ya matunda Makete, tufaha na peasi. Swali langu ni la kishamba tu: unatubebea vikonyo vya hiyo Abate Fetel tupandikize? Hata vitano kwenye begi, vimefungwa na gazeti bichi, nani ataona?

---

Msambaa wa Bologna

Mkuu wa Makete, swali hili nalipenda na jibu lake ni hapana, na nakuomba na wewe usimkubalie mtu yeyote atakayekuletea.

Huku wana ugonjwa wa bakteria wanaouita *colpo di fuoco*. Unaingia kupitia maua au kidonda cha kupogolea, ncha ya tawi inajipinda kama ndoano, majani yanakuwa meusi na kubaki yananing'inia kama yamechomwa moto. Mti wa peasi unaweza kufa ndani ya msimu mmoja. Upo mkoa huu tangu miaka ya 1990, na wameng'oa na kuteketeza miti mingi sana kujaribu kuuzuia. Kikonyo kinaweza kuubeba bila kuonyesha dalili yoyote. Gazeti bichi litautunza vizuri tu mpaka Makete. Vikonyo vitano vinaweza kumaliza mapeasi na matufaha ya Nyanda za Juu na ya Lushoto yote, na hatuna fedha wala watu wa kupambana nao.

Mimea inaingia nchini kwa kibali cha kuingiza kinachotolewa na TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inayotoka, na mahali salama pa kuichukulia ni kwenye vitalu vinavyozalisha miche iliyopimwa. Nimeshaanza kuandikiana na watu juu ya hilo. Litachukua muda.

Ninachobeba ni kisu cha kupandikizia. Mkulima niliyefanyia utafiti kwake, upande wa Ferrara, alinipa cha kwake mwenyewe, mpini wa mti wa mzeituni, upande mmoja umelika kwa sababu ya kidole gumba chake cha miaka yote hiyo. Nilikwenda kumuaga Jumanne. Tulitembea safu hadi safu, mapeasi bado ni madogo na magumu, Abate haivunwi mpaka Septemba, kwa hiyo matunda ya msimu wangu wa mwisho sitayaonja. Yeye si mtu wa maneno. Alinionyesha mti mmoja ambao nilipogoa vibaya nilipokuwa mgeni, umeota tawi jipya pale pale na limebeba, akasema huu hausahau lakini unasamehe. Kisu kitakwenda kwenye begi la chini, si la mkononi.

---

Dada wa Padova

Mkuu kabla hujaondoka, ulipanda ule mnara? Huko Bologna si wanasema mwanafunzi akipanda Asinelli kabla ya kuhitimu hahitimu kabisa?

---

Msambaa wa Bologna

Ndivyo wanavyosema, na wanafunzi wanaiheshimu kweli. Mnara una mita 97 na ngazi 498, na wengi wanauweka kiporo mpaka siku ya kuhitimu, wanapanda na taji kichwani. Mimi niliungoja pia. Lakini nilifika Septemba 2023, na Oktoba ile ile eneo la minara miwili likafungwa kwa sababu ule mdogo ulioinama, Garisenda, ulionyesha dalili za hatari. Mpaka leo umezungushiwa uzio, mafundi wapo kazini, na Asinelli haupandwi.

Nilikwenda San Luca badala yake. Ni kanisa juu ya kilima, na njia ya kufika imefunikwa paa mwanzo hadi mwisho, karibu kilomita nne, matao 666. Ni sehemu ya zile baraza ndefu za mji huu zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2021. Tulikwenda alfajiri kabla jua halijawaka, mimi, Mkameruni wangu, Muirani mmoja na mabinti wawili wa Kisisilia. Mimi ni Mwislamu, nilikaa nje kwenye ngazi wenzangu walipoingia kusali. Kutoka pale unaona uwanda wote kaskazini, na ukijua pa kuangalia unaziona neti nyeupe za bustani za matunda zinavyong'aa kwa mbali. Jioni tulikaa Piazza Maggiore, kila kiangazi wanaweka skrini kubwa na watu wanaangalia filamu bure, wazee na viti vyao, watoto wamelala mapajani. Huo ndio mji nitakaoukumbuka.

---

Mtoto wa Mbagala

Mkuu nimesoma uzi wote. Nimemtumia dogo wangu anayeomba borsa ya mwakani. Kuhusu ushirika wenye chumba cha baridi, ukianza naomba utujulishe humu, nina gari la kubeba mzigo Dar.

---

Msambaa wa Bologna

Wakuu, mrejesho.

Naandika kutoka Lushoto, nimefika salama kupitia Addis. Hati zote ninazo zikiwa na mihuri ya Prefettura na ubalozi, na maombi ya TCU nimeshayatuma. Amana imeingia Alhamisi, pungufu kidogo ya ilivyopaswa, nimeikubali na sasa akaunti ndiyo naifunga. Binti wa Mama Neema ameshawasiliana na watu wa Torino.

Mtoto wa Mbagala, nimepokea namba yako. Tumekutana wakulima kumi na wawili nyumbani kwa Baba, tumekubaliana kuanza na kupogoa, chumba cha baridi baadaye. Mwenye kutaka nakala ya barua yangu ya notisi ya nyumba kwa Kitaliano, aniandikie ujumbe binafsi nimtumie, abadilishe jina, anwani na tarehe tu.